Muda wa Mazoezi Unalipwa na Nani?

Kila msimu wa bajeti, kijiweni kwetu Temeke hurudi ubishi uleule. Mmoja atauliza serikali ina shida gani na sanaa hadi iitengee fedha, wakati Bongo Fleva imejijenga yenyewe bila senti ya mtu na leo vijana wake wanajaza kumbi Nairobi na Lubumbashi. Mwingine atasema zahanati ya mtaa haina dawa. Hapo ubishi huwa umekwisha, maana nani atasimama kutetea saksafoni mbele ya dawa ya malaria?

Mimi husimama, na mara nyingi hushindwa. Hoja yangu haitoshi kwenye pumzi moja ya kijiweni. Inataka kuelezwa tangu mwanzo, na watu pale hawana subira hiyo, hasa Yanga ikiwa inacheza jioni. Ndiyo maana nimeona niiandike.

Kazi yangu ni kusimamia kikundi cha matarumbeta. Kwa asiyeijua Dar es Salaam: Jumamosi jioni, msafara wa harusi ukitoka kanisani kwenda ukumbini, mbele yake hutangulia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimepakia vijana saba au wanane waliovaa sare. Tarumbeta tatu, tromboni, tuba lenye mdomo mpana kama beseni, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Wanapuliza toka mlango wa kanisa hadi geti la ukumbi. Foleni ya Barabara ya Mandela ikiwakamata katikati, wanaendelea kupuliza humohumo, konda wa daladala ya jirani anacheza mlangoni, bibi harusi anatoa mkono dirishani. Mimi ndiye napokea simu za kamati ya harusi, napatana bei, natafuta gari na kutunza vyombo. Kupuliza najua pia, ila mdomo wangu ni wa kuziba pengo tu.

Niliingia kwenye mambo haya kupitia mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa mpuliza saksafoni katika bendi ya shirika moja la umma. Jina la shirika si muhimu, kwani enzi hizo mtindo ulikuwa mmoja nchi nzima. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa vijana wa chama ulikuwa na Vijana Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, Polisi walikuwa na Polisi Jazz, JKT nao Kimulimuli. Kampuni ya umma ya teksi ilianzisha Mlimani Park mwaka 1978, na miaka ya themanini ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Ndiyo hiyo Sikinde. Hadi kampuni ya kuchonga almasi kule Iringa ilikuwa na bendi, Tancut Almasi. Nchi maskini, sukari ya foleni, lakini kampuni ya almasi inamlipa mtu mshahara wa kupuliza tarumbeta! Ukiwaeleza vijana wa sasa wanadhani unawatania.

Nyumbani kwa bibi kulikuwa na bahasha ya slipu za mshahara za mjomba. Kwenye nafasi ya cheo iliandikwa "Karani Msaidizi". Mjomba hakuwahi kushika faili. Asubuhi alisaini kitabu cha mahudhurio pamoja na watu wa stoo na wa uhasibu, kisha akaelekea kwenye bwalo la wafanyakazi, viti vimesogezwa ukutani, na kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana ilikuwa mazoezi. Wakati wa likizo alikuwa akinichukua, nakaa kwenye benchi karibu na dirisha la jikoni naangalia.

Magita hayakuwashwa kwa muda mrefu wa mwanzo. Wapulizaji wanne walisimama katikati ya bwalo wamegeuziana migongo. Kiongozi wao, mzee mnene mwenye taulo begani, aliimba kipande kwa mdomo, wao wakakipuliza. Akakataa. Wakarudia. Akakataa tena, akamwambia wa tarumbeta ya pili, "Wewe unamsubiri mwenzako. Usimsubiri, msikie." Ndiyo sababu ya migongo: ukimwona mwenzako anavuta pumzi utamfuata kwa macho, na anayefuata kwa macho daima huchelewa kidogo. Kipande chenyewe kilikuwa cha kupita tu, kile kinachojibu sauti ya mwimbaji kabla ya kiitikio. Walikirudia hadi mpishi akawa anakiimba huku akimenya viazi. Kesho yake wakakianza upya. Wimbo ulikaa bwaloni majuma kadhaa kabla ya kupelekwa ukumbini, na huko nako uliwekwa mwanzo wa ngoma, watu wakiwa bado wachache, ili ukiharibika uharibikie viti.

Pembeni walikaa vijana wawili ambao hawakuwemo kwenye bendi. Kazi yao ilikuwa kubeba masanduku ya vyombo, kufuta mate ndani ya saksafoni kwa kitambaa chenye kamba, na kutumwa chai. Wazee wakienda kunywa hiyo chai, vijana waliruhusiwa kupuliza. Hakuna aliyewafundisha kwa ubao. Mzee alikuwa anapiga soga na wenzake, kijana akikosea anageuza shingo, "kidole cha tatu hicho," kisha anaendelea na soga. Mmoja wa vijana wale baadaye alipiga bendi mbili kubwa za mjini. Hakulipa ada popote, wala nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kuilipa.

Sasa tazama nani alikuwa analipa nini. Jioni, kiingilio cha mlangoni kililipia ukumbi na posho, wateja wakacheza, wakanunua bia, kila mtu akapata chake. Biashara ya kawaida. Lakini zile saa za asubuhi hakuna mteja ambaye angezilipia, kwa sababu hakuna aliyezisikia isipokuwa mpishi na mimi. Saa hizo zililipwa na slipu ya "Karani Msaidizi". Na vyombo vilikuwa mali ya shirika, vikikaa stoo ya shirika, kwa hiyo mtoto wa mtu asiye na kitu aliweza kushika saksafoni ambayo baba yake asingeweza kuinunua kwa mshahara wa miaka.

Sitaki kupaka rangi. Mjomba mwenyewe alikuwa akicheka watu wanaposema enzi zile zilikuwa pepo. Vyombo vikiwa vya shirika, ukikorofishana na meneja unaondoka mikono mitupu. Nyimbo za kusifu chama na mikutano yake zilikuwa sehemu ya kazi, utake usitake. Kurekodi ilikuwa Radio Tanzania, kwenye studio zao za Barabara ya Pugu, na maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza na kamati. Redio nyingine ya kukimbilia Bara haikuwepo hadi redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya tisini. Posho ya kurekodi ilikuwa ndogo, na baada ya hapo wimbo ulipigwa redioni miaka na miaka bila aliyeutunga kuona kitu. Tena nguvu zilezile za serikali zilizolea bendi ndizo zilizopiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam mwaka 1969. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu kikiwa cha serikali, nayo huchagua mnofu. Nayajua hayo yote, na bado nasema bwalo lile lilikuwa na kitu ambacho hatujapata mbadala wake.

Mageuzi ya uchumi yalipokolea, mashirika yakaanza kuuzwa na kufungwa. Mwekezaji anafungua daftari la wafanyakazi, anakuta watu kumi na watano wanasaini asubuhi na hawatengenezi hata kifungo. Kwa hesabu zake alikuwa sahihi. Mjomba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Vyombo vilifungiwa stoo, halafu vikauzwa kwa mnada pamoja na meza na feni. Saksafoni aliyoipuliza miaka yote ilikwenda na mtu ambaye, kwa maelezo ya mjomba, alitaka kuiweka sebuleni.

Baadhi ya bendi hazikufa. Msondo na Sikinde ziliendelea kwa kiingilio cha mlangoni na ushabiki wa watu wao, na nikisema walikuwa wabishi naomba ichukuliwe kama sifa. Muhidin Gurumo, mmoja wa waliokuwemo NUTA Jazz tangu mwanzo, aliimba hadi afya ilipomshinda, akafariki 2014. Shaaban Dede akamfuata 2017. Nyimbo zao utazisikia leo kwenye vipindi vya zilipendwa, kwenye daladala, kwenye misiba ya watu wazima. Kwa hiyo mtu akisema muziki wa dansi umekufa, simwelewi. Nyimbo zipo. Kilichokatika ni mnyororo wa watu wa kupuliza.

Hebu sikiliza bendi nyingi zilizofuata. Kinanda kimoja kimechukua kazi ya wapulizaji wanne. Kinanda hakili, hakiombi nauli, hakigombani na mke wake siku ya shoo. Mwenye bendi anayeishi kwa kiingilio hana ujanja mwingine, nami ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Tatizo ni kwamba wapulizaji wanne wakishaondoka jukwaani, vijana wa kubeba masanduku nao hawapo tena, na kizazi kimoja tu kinatosha kuufuta ujuzi uliochukua miaka arobaini kujengeka.

Basi nikakaa nikajiuliza: hawa wapulizaji wachache waliopo Dar leo, ninaowaita nikipungukiwa mtu, wametokea wapi? Nilipowafuatilia mmoja mmoja, nikakuta karibu wote wanatoka sehemu chache mno. Kuna bendi za Polisi, Magereza na Jeshi, zile za gwaride na mapokezi. Kuna makanisa ya Kilutheri, yaliyorithi tarumbeta kutoka misheni za Kijerumani na kuendelea kuwafundisha watoto Kilimanjaro, Kagera na Usambara. Na kuna chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Kote huko pana mtu au taasisi inayobeba gharama ya muda wa kujifunza, iwe kwa mshahara wa askari, sadaka ya Jumapili au bajeti ya chuo. Pasipokuwa na mbebaji, hapatoki mpulizaji. Sijaona hata mmoja aliyeota mwenyewe.

Mwalimu wetu kwenye kikundi alitumikia bendi ya Magereza hadi kustaafu. Wote tunamwita Afande, hata wateja. Anafundisha nota kwa mkaa ukutani kwangu, na mke wangu amekwishazoea. Kijana akiomba aanze na nyimbo za harusi, Afande anamjibu, "Harusi itakukuta. Puliza noti moja, ndefu, mpaka nikwambie basi." Serikali ilimlipa kwa miaka mingi ili ajue kitu hiki, na faida ya malipo hayo inatoka leo Temeke, kwenye ukuta ambao hauko kwenye ripoti ya wizara yoyote.

Bagamoyo inastahili zaidi ya kutajwa. Baada ya uhuru, Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, mwaka ambao nchi ilikuwa na wahandisi na madaktari wa kuhesabika, na alisema wazi kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa. Vikaundwa vikundi vya taifa vya ngoma na sarakasi. Vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hukwe Zawose alitolewa Ugogoni, Dodoma, akaja kupiga zeze na ilimba, ala za jadi za Wagogo, kwenye kikundi cha taifa, na baadaye akahamia Bagamoyo. Aliyempa mshahara hakuwa na namna ya kujua kwamba sauti ile ingekuja kusikika kwenye majukwaa ya Ulaya, Marekani na Japani. Zawose alifariki 2003, na leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanazunguka dunia wakiimba Kigogo. Unaiandikaje faida ya namna hiyo kwenye andiko la mradi la miaka mitatu? Ukumbi wa chuo ulipoungua 2002, hata hivyo, fedha za kujenga mwingine zilitoka kwa wafadhili wa Skandinavia, na hilo nalo lina la kutuambia.

Nije sasa kwenye mkopo, maana wengi hunijibu: "Si serikali inatoa mikopo? Wasanii mkope."

Tulikopa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kabla mikopo hiyo haijasimamishwa mwaka 2023 (ilirudi mwaka uliofuata), kikundi chetu kilijisajili, kikafungua akaunti, kikaandika andiko na kupata. Sina lawama. Fedha zilitoka, tukanunua tarumbeta mbili, tromboni iliyotumika na lile tuba. Siku vyombo vilipofika vijana walilala navyo.

Halafu yakaanza marejesho. Kila mwezi kuna kiasi cha kupeleka benki, na kiasi hicho kinatoka kwenye harusi. Kwa hiyo Ijumaa kuna sendoff, Jumamosi harusi, mara nyingine mbili, Jumapili kipaimara au ubarikio. Jumatatu vijana wamechoka, midomo imevimba. Jumanne wengine wana vibarua vyao, kwa sababu baada ya marejesho kinachobaki kwa kila mmoja ni nauli na chipsi. Mazoezi ya Afande yakapungua, kisha yakawa ya kuviziana, kisha yakafa kwa muda wote tuliokuwa tunalipa deni. Tulikuwa na vyombo vizuri kuliko wakati wowote, na tulikuwa tunapiga nyimbo zilezile tano ambazo kila kamati ya harusi inazitaka. Kijana wa tromboni, ambaye Afande alikuwa akisema ana kitu, alimaliza deni akiwa amesimama palepale alipoanzia. Mkopo ulinunua shaba ukauza asubuhi zetu.

Tulilipa lote. Afisa maendeleo alitutaja kwenye kikao kama kikundi cha mfano, na kwa kipimo cha mkopo kweli tulikuwa mfano. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao hutoa mikopo kwa wasanii, na kwa mtu mwenye wimbo tayari anayetaka video, au fundi cherehani wa mavazi ya jukwaani, huo ni msaada wa kweli. Fedha inazunguka na kurudi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayepuliza noti moja ndefu hana cha kurudisha mwezi ujao. Atakuwa nacho baada ya miaka minane, na pengine atakirudisha kwa mtu mwingine kabisa.

Ndugu wa Bongo Fleva nawajibu hivi. Mimi ni mpenzi wa Bongo Fleva, na ni kweli haikulelewa na shirika lolote. Lakini kijana wa Bongo Fleva anaweza kujifunza peke yake, usiku, na kompyuta ya kuazima. Muziki wa mtu na mashine unaweza kujilipia njiani. Muziki wa watu kumi na wawili wanaotakiwa kuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja, wiki nzima, kabla ya kuingiza chochote, hauwezi. Na Bongo Fleva yenyewe imeanza kugonga mlango wetu. Msanii mkubwa, simtaji, alikuwa na onyesho la kupiga laivu na bendi kamili. Meneja wake alinipigia Alhamisi, shoo ni Jumamosi: anataka wapulizaji watatu wanaosoma nota, na bei aliyotaja sikuwahi kuisikia kwenye harusi. Nilikuwa na mmoja, Afande, naye ni mzee. Nikampigia askari mmoja wa bendi, akawa na zamu ya gwaride. Mwishowe wawili waliopungua walitolewa nje ya nchi, wakalipiwa ndege na hoteli. Soko lilikuja na fedha mkononi, likakuta rafu tupu. Fedha ya Alhamisi haizai mpiga tromboni wa Jumamosi.

Hapo ndipo huwa nawageukia wenzangu wa mpira, na mimi mwenyewe ni Yanga wa damu. Mwaka 2023 Rais alipoanza kutoa shilingi milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, Yanga ikafika fainali ya Shirikisho, sikumsikia mtu akiuliza goli la Mayele litarejesha nini Hazina. Viwanja vya AFCON 2027 vinajengwa kwa fedha zetu, na tunavifurahia. Tunajua bila kuelezwa kwamba kuna vitu nchi inavilipia kwa sababu bila hivyo tungekuwa watu wanaoamka, kulipa kodi na kulala. Sanaa tu ndiyo huulizwa risiti.

Na dawa ya malaria? Sijawahi kudai ichukuliwe fedha ya dawa. Ninachokitafuta ni kidogo kiasi kwamba nilipokiandika kwenye karatasi nilidhani nimesahau sifuri: mshahara wa mwalimu mmoja, funguo za ukumbi wa kata asubuhi ambazo hautumiki, na fedha ya kutengeneza vyombo, maana springi ya tarumbeta ikikatika au pedi ya saksafoni ikioza, chombo cha mamilioni kinageuka pambo. Vyombo vibaki mali ya halmashauri, vikae kwenye kabati la halmashauri, viwe na daftari la kusaini. Jioni, harusi zitajilipa zenyewe kama zinavyojilipa sasa. Familia za Dar zinachangishana mamilioni kwa ajili ya siku moja, zinakodi ukumbi, MC, mpambaji, mpiga picha na sisi. Kila kamati inateka kwenye kisima cha watu waliokwishafundishwa na wengine. Hakuna kamati ya harusi duniani itakayochangisha ili kisima kichimbwe, na wala si kazi yao.

Karatasi hiyo niliipeleka kwa afisa utamaduni. Ni kijana msikivu, amesomea sanaa, alinipa kiti na maji. Alisoma yote, akauliza maswali ya maana kuliko niliyoyategemea, akataka kujua hata tofauti ya bei ya pedi za ngozi. Kisha akafunga faili. "Kaka, hoja yako naielewa kabisa. Kifungu sina." Kwa wasiojua lugha ya ofisini: fedha ya serikali hukaa kwenye vifungu, na kisipokuwepo kifungu hata mkurugenzi akikupenda hana pa kuichota. Kuna kifungu cha mbio za Mwenge, cha maadhimisho, cha posho za vikundi vya ngoma kwenye ziara za viongozi. Cha mtu kukaa miaka mitano akijifunza kupuliza, hakuna.

Yeye ndiye aliyenipa wazo la kuzungukia upande wa pili. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, na walimu wengi wamekabidhiwa somo hilo bila kuwahi kushika chombo chochote. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ametupa darasa kwa asubuhi za Jumamosi kabla hatujaondoka kwenye harusi. Wanakuja watoto, wengi wao wasichana, jambo lililomshangaza Afande kuliko mimi. Tarumbeta ni zile za mkopo. Afande anapewa nauli na kikundi, na mara mojamoja mzazi humletea kilo ya mchele. Mwezi uliopita aliwapanga wanne katikati ya darasa, akawageuza migongo. Sikuwahi kumsimulia habari za bwalo la mjomba. Kumbe hata Magereza walifundishwa hivyohivyo.

Barua ya pili nimeiandika kwenda elimu msingi, nakala kwa mkurugenzi, nikiomba mwalimu huyo mmoja aingizwe kwenye bajeti ijayo. Imepokelewa, ina muhuri wa masjala, na nimeambiwa niwe nafuatilia.